Maisha ya Dakta Denis Burkitt wa Mulago

Katika mji wetu wa Kampala wamepita watu wengi wenye sifa, na wengine majina yao yamebandikwa katika barabara na majumba. Yuko mmoja ambaye jina lake limeandikwa katika vitabu vya udaktari vya dunia nzima, kwa sababu ya kazi aliyoianza juu ya kilima cha Mulago. Mtu huyo ni Dakta Denis Burkitt. Wanafunzi wa sayansi hukutana na jina lake wanaposoma habari za saratani, yaani kansa, na habari za jinsi mwili unavyojitengeneza wenyewe uharibikapo. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mambo hayo yalitokea hapa kwetu. Ndiyo maana tumeona yafaa kuandika habari za maisha yake.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911, katika mji mdogo wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa injinia wa wilaya, na kazi yake ilikuwa kuangalia barabara na madaraja. Lakini baada ya kazi mzee huyu alipenda mno kuchungua ndege. Aliwanasa ndege wadogo wa bustanini, akawavika pete za madini miguuni, akawaachilia. Kisha akawa anaandika ni ndege yupi ameonekana mahali gani. Mwisho akachora ramani iliyoonyesha mipaka ya makao ya kila ndege. Leo wataalamu wa ndege humhesabu miongoni mwa watu wa kwanza kufanya kazi ya namna hiyo. Msomaji aikumbuke ramani hii, maana tutaona kwamba mtoto alifuata nyayo za babaye.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11 alipatwa na msiba. Wanafunzi walikuwa wakirushiana mawe, na jiwe moja likampiga usoni, likavunja miwani yake. Kipande cha kioo kikaingia katika jicho, na jicho hilo likapotea. Tangu siku hiyo aliishi na jicho moja tu. Darasani hakuwa mtoto wa kusifiwa kwa akili. Mwaka wa 1929 aliingia Chuo cha Trinity katika mji wa Dublin kujifunza uinjinia kama baba yake, lakini baada ya muda si mrefu aliona moyoni kwamba Mungu anamwita katika kazi ya udaktari, akabadili masomo. Akamaliza mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapata shahada ya daktari wa upasuaji.

Alitaka kufanya kazi katika Afrika, lakini ombi lake la kwanza lilikataliwa kwa ajili ya lile jicho. Ilionekana kwamba mpasuaji mwenye jicho moja hafai. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, alipokewa jeshini kuwa daktari, akaletwa Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1943 alimwoa Bibi Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, na baadaye walijaliwa mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi, na mwaka wa 1946 akapelekwa Uganda, katika hospitali ya Lira.

Huko Lira, katika nchi ya Lango, wanaume wengi walikuja kwake kupasuliwa mabusha. Daktari mwingine angaliwapasua na kuwaandikisha daftarini tu. Lakini Burkitt aliuliza kila mgonjwa ametoka kijiji gani, na akaona jambo la ajabu: upande mmoja wa wilaya mabusha yalikuwa mengi sana, na upande wa pili yalikuwa haba, ijapokuwa watu ni wa kabila moja na chakula chao ni kimoja. Basi akajifunza kwamba ukitaka kujua sababu ya ugonjwa, haitoshi kuuliza mgonjwa ana nini; yapasa kuuliza pia anatoka wapi, na ni wapi ambako ugonjwa huo haupo. Mwaka wa 1948 alihamishiwa Kampala, katika hospitali ya Mulago, iliyokuwa ikifundisha madaktari wa Makerere.

Mwaka wa 1957 Dakta Hugh Trowell, yule aliyesifika kwa uchunguzi wa ugonjwa wa kwashakoo, alimwita Burkitt wodini amwangalie mtoto mmoja wa miaka mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba taya zote mbili, juu na chini, na meno yalikuwa yamelegea. Burkitt alishangaa, maana uvimbe wa kawaida hukaa upande mmoja. Hakujua la kufanya, na mtoto akafa. Baada ya majuma machache alikwenda hospitali ya Jinja, na alipotupa jicho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, naye uso wake umevimba vilevile. Akatoka mbio kumpima. Alipompapasa tumbo akakuta uvimbe mwingine ndani. Hapo akafahamu kwamba mtoto mmoja aweza kuwa ajabu tu, lakini wawili ni jambo la kufuatiliwa.

Akarudi Mulago akafungua majalada ya zamani, akaona kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, ila kila mmoja aliandikwa peke yake: huyu uvimbe wa taya, yule wa figo, yule wa ini. Mwaka wa 1958 aliandika habari zao katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Kisha wataalamu waliokuwa Makerere wakitazama vipande vya nyama katika hadubini wakathibitisha kwamba uvimbe wote huo ni ugonjwa mmoja, nao ni saratani ya seli nyeupe za damu zinazokaa katika tezi. Ugonjwa huo sasa huitwa limfoma ya Burkitt.

Burkitt hakutosheka. Alipiga chapa karatasi za maswali zenye picha za watoto, akazipeleka katika hospitali nyingi za Afrika, na kila jibu lilipokuja akachomeka pini katika ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zikafanya ukanda mpana katikati ya bara. Lakini ndani ya ukanda huo mlikuwa na mahali patupu, na ili kujua sababu yake iliyobaki ni safari. Mwezi wa Oktoba 1961 alitoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva katika West Nile, na Clifford Nelson, katika motokaa kuukuu aina ya Ford. Walisafiri majuma kumi, yapata maili 10,000, wakapita Tanganyika na Nyasaland mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza katika kila hospitali kama watoto wa namna hiyo wameonekana.

Waliporudi, ramani ilianza kusema. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana katika nchi za juu, zaidi ya futi 5,000 hivi. Na kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoteremka chini. Dakta Alexander Haddow, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya uchunguzi wa virusi huko Entebbe, alitambua kwamba jambo lenyewe si urefu wa milima bali ni baridi. Mahali penye joto na mvua ugonjwa upo. Mahali pa baridi au pakavu haupo. Na ni nani apendaye joto na mvua kama mbu? Ndipo watu walipoanza kuitazama malaria.

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa amehutubia katika hospitali moja ya London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana mmoja mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vitakavyokatwa Kampala vitapelekwa London kwa ndege. Miaka miwili Epstein alitafuta asione kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na chupa ilipofika London maji yake yalikuwa yamefanya wingu, kama yaliyooza. Kumbe hayakuoza: seli za uvimbe zilikuwa zikielea ndani yake hai. Zikaoteshwa, na mwaka wa 1964 Epstein na wenziwe, Yvonne Barr na Bert Achong, wakaona virusi mpya ndani yake. Ilikuwa virusi ya kwanza kujulikana kwamba ina mkono katika saratani ya binadamu. Virusi hiyo ina majina ya Epstein na Barr. Watoto wa Mulago ambao nyama yao ilipelekwa huko hawatajwi katika jina hilo, lakini bila wao na wazazi wao isingalionekana.

Sasa yatupasa tusimame kidogo, tuulize ni nini hasa kilichoharibika katika miili ya watoto hao. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, na ndani ya seli mna maandishi yaitwayo DNA, yenye amri zote za kuujenga na kuuendesha mwili. Maandishi hayo yana herufi yapata bilioni 6, nayo yamegawanywa katika vitabu 46 viitwavyo kromosomu. Amri moja moja huitwa jeni. Kila seli inapogawanyika kuwa mbili, sharti herufi zote hizo zinakiliwe upya.

Mnakili wa seli hukosea, kama sisi tunavyokosea katika imla. Hukosea herufi kama moja katika kila 100,000. Lakini yeye mwenyewe huangalia nyuma akafuta kosa lake, na nyuma yake hufuata msahihishaji wa pili, hata mwisho kosa linalobaki ni moja tu katika herufi bilioni moja au zaidi. Tena, hata seli isiponakili kitu, jua kali, moshi wa tumbaku, na hata maji na hewa iliyomo mwilini huharibu maelfu ya herufi katika kila seli kila siku. Wako mafundi wa kukata herufi mbovu na kutia nzima, na mafundi wa kuunga uzi wa DNA uliokatika. Kwa kuvumbua kazi za mafundi hao, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Kwa hiyo uzima wetu haukutokana na kwamba miili yetu haikosei. Ulitokana na kwamba husahihisha mchana na usiku.

Juu ya mafundi hao yuko mlinzi, protini iitwayo p53. DNA ikiharibika, mlinzi huyu huisimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe. Ikiwa haitengenezeki, huiamuru ijiue yenyewe, ili mmoja afe na wengi wapone. Ndovu wetu wa Maporomoko ya Murchison, ambao wana seli nyingi kuliko sisi mara nyingi sana, wangaliugua saratani kuliko watu. Lakini huugua kidogo. Mwaka wa 2015 wataalamu walieleza kwamba ndovu ana nakala 20 za jeni ya mlinzi huyo, na mtu anayo moja tu kutoka kwa kila mzazi. Seli ya ndovu ikidhurika, huwa tayari kufa upesi kuliko yetu.

Ikiwa ulinzi ni mkubwa hivi, kwa nini watoto wale waliugua? Ni kwa sababu ziko seli nyeupe za damu ambazo mwili wenyewe huziruhusu kuvunja sheria. Ili ziweze kutengeneza silaha mpya kwa kila adui mpya, seli hizo hukata na kubadili kwa makusudi jeni zao za silaha. Ni kazi ya hatari, na kwa kawaida huisha upesi. Lakini mtoto akiumwa malaria mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, seli hizo huzidi kuongezeka na kukata bila kupumzika. Na ile virusi ya Epstein na Barr, ambayo karibu watu wote wa dunia wanayo na wengi haiwadhuru, huingia katika seli hizo hizo na kuzisaidia zisife. Kuanzia mwaka wa 1972 wataalamu walichukua damu ya watoto wapata 42,000 katika West Nile, wakaona kwamba wale waliougua baadaye walikuwa na dalili nyingi za virusi hiyo katika damu muda mrefu kabla ya uvimbe kutokea.

Hata siku moja mkato huangukia mahali pasipo pake, na mafundi huunga ncha zisizopatana. Mwaka wa 1972 wachunguzi wawili wa Bulgaria waliokuwa wakifanya kazi Sweden waliona kwamba katika uvimbe huo kromosomu ya 14 imerefuka. Mwaka wa 1976 Lore Zech na wenziwe wa Stockholm wakatambua kwamba kipande kilichozidi kimetoka katika kromosomu ya 8. Na mwaka wa 1982 ikajulikana kwamba katika kipande hicho mna jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli ikue na kugawanyika. Ilipohamishwa ikawekwa karibu na jeni za silaha, ambazo haziachi kufanya kazi, MYC nayo haikuacha tena. Ni kama motokaa ambayo kiongeza mwendo chake kimekwama chini. Mlinzi p53 angaliiua seli hiyo, na bila shaka huziua nyingi ambazo hatuzijui kamwe. Lakini katika uvimbe mwingi wa namna hii mlinzi huyo ameonekana naye kaharibika, au njia yake imezibwa.

Turudi kwa Burkitt. Mambo haya ya jeni hakuyajua alipokuwa Mulago. Alijua tu kwamba watoto wanakufa. Uvimbe ulikua upesi mno, waweza kuzidi mara mbili kwa siku moja au mbili. Kisu hakikufaa, na wakati ule Kampala haikuwa na mashine ya miale ya kuchomea saratani. Basi mpasuaji huyu akaweka kisu chake chini. Tangu mwaka wa 1960 alianza kujaribu dawa mpya alizopewa na madaktari wa Marekani, kwanza methotrexate, kisha cyclophosphamide. Alitumia kiasi kidogo kuliko walivyotumia wao, maana hakuwa na vyombo vya kuangalia hatari yake. Watu wakastaajabu. Uvimbe mkubwa uliyeyuka kwa siku chache, na watoto kadhaa walipona kabisa baada ya dawa ya mara moja au mbili tu. Wengine ugonjwa uliwarudia wakafa. Lakini kabla ya hapo waliopona hawakuwako.

Leo twaweza kueleza sababu. Dawa hizo huiharibu DNA au kuizuia isinakiliwe. Seli nzima husimama, hujitengeneza, huendelea kuishi. Seli ya uvimbe inayokwenda mbio bila kusimama haipati nafasi ya kujitengeneza, nayo pamoja na ukaidi wake wote bado iko karibu na amri ya kufa. Ikisukumwa kidogo huanguka. Yaani dawa ilifanya kazi iliyomshinda mlinzi. Kwa ajili ya mafanikio hayo, mwaka wa 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966. Huko Uingereza aliendelea na desturi yake ya kuuliza ugonjwa uko wapi na hauko wapi, akawahimiza watu wa Ulaya na Marekani wale vyakula vyenye makapi, kama watu wa vijijini kwetu walivyokuwa wakila. Alipewa heshima nyingi, lakini daima aliwataja wenziwe waliosaidiana naye. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, umri wake miaka 82.

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliotutangulia katika madarasa haya, yako mafunzo mawili katika maisha haya. La kwanza ni la kazi. Mtu mwenye jicho moja, asiyekuwa wa kwanza darasani, aliona walichopita wengi wenye macho mawili, kwa sababu aliuliza swali dogo na hakuona haya kulifuata maili 10,000. La pili ni la nyumbani. Ugonjwa huu haujatoweka. Katika nchi tajiri watoto kama tisa katika kumi hupona. Kwetu hupona wachache zaidi, mara nyingi kwa sababu huletwa wamechelewa, au huondolewa hospitali kabla dawa hazijakwisha. Basi ukirudi likizo ukamwona mtoto ambaye taya au tumbo lake limevimba kwa siku chache, na meno yamelegea bila kupigwa, usiwaache watu waseme ni jino tu, wala ni uchawi. Waambie wampeleke hospitali siku ile ile, wala wasingoje juma lipite, maana uvimbe huu haungoji.